Chupa Kumi na Moja

Kazi yangu ilikuwa kuzipa mbegu namba. Nilikuwa na meza yangu katika ofisi ya kilimo pale Sumbawanga, na kabati la chupa za kioo ambazo zamani zilikuwa za jamu na sasa zilikuwa za maharage. Kila chupa ilibandikwa karatasi, na kila karatasi ilikuwa na namba niliyoiandika mwenyewe kwa wino mweusi. Mtu akiniletea maharage kutoka kijiji chochote, niliyamwaga kwenye sinia, nikayatazama rangi, umbo na jicho la punje, kisha nikafungua kitabu. Nikiyakosa kitabuni nilikasirika, na hasira zangu zilikwenda kwa maharage, si kwa kitabu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na vitu vingi vilikuwa vinabadilishwa majina huku tukitazama. Ushirika uliokuwa ukinunua mazao yetu ulibakiwa na ghala tupu lenye popo. Mtu ambaye miaka michache nyuma tungemwita mlanguzi na kumpelekea polisi, sasa tulimwita mfanyabiashara, na mhudumu wa ofisi yetu alimpangusia kiti. Hata mimi sikujua niitweje. Serikalini nilikuwa namba ya faili. Kanisani nilikuwa na kadi yenye namba nyingine. Mtaani niliitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Wakulima waliniita mtaalamu, na nilipenda, sitaki kusema uongo. Nyumbani kwetu, upande wa Mollo, mama aliniita mwanangu tu, hata mbele ya wageni waliokuja na gari la serikali.

Jirani yetu kule kijijini alikuwa mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Usukumani. Mzee yule hakuwa na habari ya kuhesabu. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akatazama kundi likiingia, akasema yule mwenye baka begani hajarudi, na kweli alikuwa hajarudi. Afisa mifugo wa ofisi yetu alimshangaa, akaenda kuwavisha ng'ombe wale hereni za namba. Mzee alimshukuru kwa adabu zote, kisha akaendelea kutazama mabaka. Mimi na afisa mifugo tulimcheka njia nzima ya kurudi mjini. Sikuwaza hata kidogo kwamba mama yangu alikuwa mtu wa namna ile ile.

Mama alikuwa na mbegu yake ya maharage. Nasema mbegu, lakini kwa kitabu changu kitu kile hakikuwa mbegu, kilikuwa mchanganyiko. Mlikuwa na ya njano, mekundu, ya zambarau yenye mistari, meupe yenye jicho jekundu, ya madoadoa kama manyoya ya kanga, na mengine ambayo sijui hata rangi yake niite nini. Yeye alipewa na mama yake. Kila baada ya mavuno alikaa kwenye mkeka siku kadhaa akichagua punje moja moja, anatoa hapa, anaongeza pale, kisha anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anafumba macho na kugeuza kiganja polepole ndani ya gunia. Asiporidhika, anaongeza tena. Nilipomuuliza kipimo chake ni kipi, alinitazama kana kwamba nimemuuliza anapumuaje.

Kwetu, binti akiolewa, mama humpa mbegu ile ile aende nayo. Mimi nilipewa kibuyu kimejaa, kimezibwa kwa gunzi. Mwaka ule ule nikapelekwa kozi, nikajifunza namna ya kusafisha sampuli, nikarudi nimejaa elimu hadi shingoni. Nikachukua kibuyu cha mama, nikakimwaga mezani, nikazitenga mbegu zote kwa aina. Zikatoka aina kumi na moja, chupa kumi na moja, namba kumi na moja. Niliona nimezipa heshima. Zilibaki punje ndogo nyeusi, ngumu, zile zinazochelewa kuiva mpaka kuni zinakwisha, nazo zilikuwa chache sana. Tulifundishwa kwamba kilicho kichache na hakifanani na wenzake kimeingia kwa bahati mbaya. Nikawamwagia kuku.

Basi mwaka ninaousema, wiki chache kabla ya kupanda, mdogo wangu wa kiume alinijia ofisini amevimba macho. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Alinieleza kwamba mama alikwenda msibani kijiji cha pili, akalala huko siku mbili, na nyuma yake likaja lori la mfanyabiashara kununua maharage. Yeye akatoa magunia ya kuuza, yaliyotokana na mbegu za kisasa nilizowapelekea mimi. Gunia la mbegu ya mama alilijua tangu utotoni: la katani, lenye maandishi ya ushirika ubavuni. Aliliacha ndani pale pale, akapakia mengine yote.

Kumbe panya walikuwa wamelitoboa lile la maandishi. Mama alikuwa ameihamishia mbegu kwenye gunia jipya lenye mstari wa kijani, na lile la ushirika akalitia viraka, akaweka humo maharage ya kula. Hakumwambia mtu, maana hakuona la kusema. Kwake gunia lilikuwa nguo tu, na mtu akibadili nguo huwezi kusema amekuwa mtu mwingine. Aliporudi msibani aliingia ndani, akatia mkono kwenye lile la maandishi, akautoa, akaketi chini.

Mdogo wangu alijitetea mbele yangu hadi sauti ikamkauka, na sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye cheti, na ningelikuwepo pale ningelisoma maandishi nikapakia kama yeye.

Kesho yake mama alikuja mjini kwa miguu na kwa lifti ya trekta. Nikamwomba ruhusa mkuu wangu, nikaenda naye hadi kwenye ghala la yule mfanyabiashara, nyuma ya soko. Alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, shati limepigwa pasi. Alimwamkia mama shikamoo, akatafuta kigoda akampa. Karani wake aliwatambua wauzaji wote kwa daftari, na magunia aliyatambua kwa rangi: yaliyotoka upande wetu yote yalichorwa msalaba mwekundu. Yalikuwa ukuta mzima wa misalaba, kutoka vijiji vyetu vyote, mengi yakiwa mchanganyiko kama wa mama, kwa sababu wanawake wa kwetu wote hupanda mchanganyiko.

Mfanyabiashara akampa mama chaguo zuri, kwa namna alivyoona yeye. Achukue gunia lolote la njano tupu, safi, bure, badala ya lile. Mama akakataa kwa upole. Akasema atafute lake.

Yule bwana akakubali. Akamwita kuli aje na bambo, kile chuma chenye mfereji wanachokichoma kwenye gunia ili kuchota kidogo bila kulifungua. Mama akakataa bambo. Akaomba wafumue mshono, kila gunia aingize mkono. Kuli akaanza kufumua huku ananuna, na mama akaanza kuingiza mkono, gunia baada ya gunia, macho amefumba. Wapakiaji waliacha kazi wakasimama kutazama. Mimi nilisimama kando nikiona aibu, tena sijui nilikuwa namwonea aibu nani.

Katika gunia moja la safu ya chini mkono wake ulikawia. Aligeuza kiganja mara mbili. Akafumbua macho.

"Hili ni la kwangu," alisema.

Mfanyabiashara akachota mkono mmoja, akatazama, akakuna kichwa. Alisema, bila ubaya, kwamba hilo ndilo gunia zuri kuliko yote ghalani, punje zote nzima, hakuna iliyotobolewa, na mwanamke yeyote angependa kusema ni lake. Akilitoa hivi hivi, kesho atapata kijiji kizima kimekuja kuchagua. Lori lilikuwa linaondoka jioni. Alichohitaji ni mtu mmoja tu wa kuthibitisha.

Mama akafurahi, maana aliona jambo limekwisha. Alinishika bega akanisogeza mbele.

"Huyu hapa ni mwanangu," alisema. "Anafanya kazi ya mbegu. Anazijua zote."

Wote wakanigeukia. Karani alishika kalamu. Mfanyabiashara akaniambia kwa heshima kabisa kwamba ikiwa mtaalamu atasema ni la mama huyu, yeye analitoa sasa hivi.

Nikapiga magoti, nikamwaga mkono mmoja kwenye sinia. Nikazitazama. Niliziona rangi, niliona aina hii na aina ile, nikaanza kuzihesabu kichwani kwa namba zangu. Lakini gunia la jirani yake nalo lilikuwa na karibu aina zile zile, na la tatu nalo. Moyo wangu ulisema mama hawezi kukosea. Kichwa kilisema moyo si ushahidi, na kwamba mchanganyiko hauna namba, hauna jina, haumo kitabuni, na mtu mwenye cheti hasemi asichoweza kukithibitisha. Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni jepesi, na hata leo nalitamka mara nyingi kwa siku kwa mambo ya kipuuzi.

"Kwa kutazama tu," nilisema, "siwezi kusema."

Mama hakukasirika. Alidhani nimehitaji muda. Akaniuliza zile za kwangu ziko wapi, zile za kibuyu, maana zimetoka tumbo moja na hizi, tuziweke pamoja kila mtu aone. Mfanyabiashara akasema wazo hilo ni zuri sana. Nikapanda baiskeli ya karani nikaenda ofisini, na njiani nilikuwa najua nina chupa na sina kibuyu, lakini sikujua bado ubaya wake uko wapi.

Nilirudi na boksi kwenye keria ya baiskeli. Nikazipanga chupa kumi na moja juu ya gunia lililolazwa, namba zikiwatazama. Wapakiaji wakasifu. Mama aliinama, akazitazama moja baada ya nyingine kwa utaratibu, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Hizi ni za nani?" aliniuliza.

Nilimwambia ni zake, za kibuyu. Alichukua chupa moja ya mekundu, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha. Aliniuliza kwa nini nimezitenganisha. Nikaanza kumweleza habari za usafi wa sampuli, nikaona midomo yangu inakwenda na yeye hasikii, nikanyamaza.

Mfanyabiashara ndiye aliyeendelea na kazi, kwa sababu alikuwa mtu makini. Alichukua sinia lenye mkono mmoja wa maharage kutoka kwenye gunia, akawa anatoa punje anaziweka mbele ya chupa inayofanana nazo. Ya njano hapa. Yenye mistari hapa. Kila aina ilipata chupa yake, na mimi nilianza kupumua. Mwisho kwenye sinia zikabaki punje saba au nane, ndogo, nyeusi.

"Hizi hazimo kwako," alisema. Kisha akaniuliza kama mbegu ya mama yangu ilikuwa na nyeusi.

Hapa ndipo nisipopapenda. Niliwaona kuku wangu. Niliona kabisa mkono wangu mwenyewe unawamwagia. Lakini papo hapo nikajiuliza kama punje zile nilizowamwagia zilitoka kwenye kibuyu cha mama au kwenye mifuko mingine iliyokuwa mezani wiki ile, maana mezani kwangu kulikuwa na mifuko ya kila kijiji. Nilikuwa na hakika na sikuwa na hakika. Na karani alikuwa ananitazama, na wapakiaji waliokuwa wamesifu chupa zangu, na niliona haya kusema kwamba mtaalamu aliwalisha kuku urithi wake.

Nikasema sikumbuki.

Mfanyabiashara alimgeukia mama akamwambia taratibu, "Mama, samahani. Hata binti yako hajui."

Mama alikuwa anafunga upya khanga yake. Alimaliza kufunga kwanza.

"Huyu ni mtaalamu," alimwambia.

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama anamweleza mtu njia. Kisha akaaga, akawashukuru hata wapakiaji, akaniambia anakwenda Chala kwa mama mdogo, ambaye naye aliolewa na kibuyu kama changu. Nikamwambia lori linaondoka jioni, hatawahi. Akasema anajua. Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimebeba boksi la chupa kwapani, zikigongana kila hatua.

Alirudi siku ya tatu na bakuli moja la mbegu limefungwa kwenye kitambaa. Ghalani hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi na misalaba mipya kwenye magunia ya watu wengine. Lile lake lilikuwa limekwenda na lori, na karani alisema huenda sasa linapikwa kwenye shule fulani ya bweni mbali huko. Nimewaza sana watoto wale, wanakula maharage yale wakilalamika kwamba nyeusi hazijaiva.

Ila yule mfanyabiashara alikuwa ameacha kitu. Zile punje nyeusi za kwenye sinia alizikunja kwenye gazeti, akamwagiza karani ampe mama akipita. Mama akachuchumaa pale pale mlangoni mwa ghala, akafungua kitambaa cha Chala upande mmoja na gazeti upande mwingine. Hakunionyesha kwa kidole. Alisogea kidogo tu ili nipate kuona. Nyeusi zilikuwemo kwa mama mdogo, ndogo na chache, vile vile.

Nilimwambia habari ya kuku pale pale, nikalia kama mtoto mbele ya karani. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kuku nao wanakula. Kisha akanieleza, kana kwamba mimi ni mgeni aliyeuliza, kwamba mwaka wa mvua nyingi, zingine zote zikioza mashinani, ni zile nyeusi zinazobaki. Katika kozi hakuna aliyenieleza jambo hilo, na mimi sikuwahi kumuuliza yeye.

Mwaka ule alipanda bakuli moja mahali pa gunia. Vituta alivyokuwa ameshavifukia majani tayari kwa maharage alivipanda ulezi. Ilimchukua misimu mingi kulijaza gunia tena, na mdogo wangu akawa mtu wa kufumua kila gunia kabla ya kuuza chochote, hata akatania mwenyewe kwamba amekuwa forodha. Mimi mama hakunipa mbegu nyingine, nami sikuthubutu kuomba. Tulipokutana sokoni na wanawake wenzake, wakiuliza mimi ni nani, aliwaambia ni mtaalamu wa mbegu, yuko ofisini. Wao walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilitabasamu, na nikirudi nyumbani nilikaa jikoni nikijiuliza alikuwa ananisifu au ananikana. Sikuwahi kupata jibu, na swali lenyewe ni la kumuumiza mzazi, hivyo nililimeza.

Miaka ikapita. Mama akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walipokuja madaktari wa macho mjini, nilimwandikisha, na siku ya pili baada ya kupasuliwa nikaenda kumchukua. Wodini walikuwepo wazee kadhaa wamefungwa bandeji machoni, kila mmoja na plasta mkononi yenye namba. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye msimamo. Aliniweka mlangoni, akanikataza nisiseme neno, kwa sababu, alisema, kila anayekuja anajiita mtoto wa mtu na wazee hawa hawaoni. Alitaka mgonjwa mwenyewe aseme.

Alinishika mkono akanipeleka hadi kitandani, akauweka mkono wangu juu ya ule wa mama. Akamwuliza kama anamjua huyu aliyekuja kumchukua.

Mama aliushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu, akapitisha vidole vyake kwenye vyangu kimoja kimoja, akabonyeza pale kwenye sugu ya kalamu. Akaugeuza tena. Nilikuwa mwanamke wa makamo, mwenye cheti na kabati la chupa, na nilikuwa nangojea kuambiwa mimi ni wa nani.

"Huyu ni wa kwangu," alisema.

Nesi hakuridhika. Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya fomu. Alinigeukia mimi akaniuliza kama ni kweli, na kama nina kitu chochote cha kuthibitisha.

Nilisema sina, na nilisema ni kweli.